Mkono Huu Ulifungwa kwa Shashi

Wodi ya Wanawake, Mtwara
9 Novemba 2023

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, kazi inakwenda, na umeacha ile tabia ya kulala bila kula. Mimi ni mzima kuanzia begani kwenda juu na kuanzia kiunoni kwenda chini. Mgonjwa ni mkono wa kushoto, na ndio ulionifanya nikuandikie.

Usishtuke. Nimeungua. Nilikuwa nyuma ya nyumba pale Kitaya, nachoma korosho kwenye pipa lililokatwa nusu, kama tunavyochoma kila msimu. Unajua mafuta ya maganda yakishika moto yanavyoruka. Pipa likainama, nikalizuia. Najua, mtu hazuii pipa la moto, lakini mkono haukuniomba ruhusa. Yakanimwagikia kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, yakawaka hapo hapo. Simu ilikuwa mkononi, imebaki kama donge la lami. Basi ukipiga usinipate, usidhani nimekununia.

Majirani wakaja na tiba zao. Huyu na dawa ya meno, huyu na mafuta ya taa, na mke wa Omari na kopo la majivu. Nikawafukuza wote. Nikauzamisha mkono kwenye ndoo ya maji, nikapiga kelele zangu kwa raha zangu mpaka pikipiki ikaja.

Hapa ananifunga kidonda Sista Martha, mtu wa Masasi, mpole wa mikono na mkali wa mdomo. Kitanda cha mbele yangu yupo Aminabai, mama wa Kihindi mwenye duka Mikindani, aliyemwagikiwa mafuta ya bhajia pajani. Anasema hajawahi kulala chumba kimoja na mkulima. Nikamwambia mimi sijawahi kulala chumba kimoja na duka. Tumeshakuwa marafiki.

Sasa sikia. Leo kaja daktari kutoka huko kwenu Dar, Dokta Innocent. Anasema wana utando mpya wa kufungia vidonda vya moto, unatokana na maganda ya kamba, muhogo na mshubiri. Nikaruka kitandani: huo si ndio anaoutengeneza mtoto wa kaka yangu? Akacheka, akasema kweli, Salma ni mtu wake wa maabara. Wodi nzima imeshajua. Kesho tunapigiwa kura nani afungwe utando, nani afungwe shashi ya kawaida. Nimeshaweka sahihi.

Niombee nipate wa kwako.

Shangazi yako,
Somoe

*

Dar es Salaam
17 Novemba 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako aliniletea kondakta wa basi mpaka getini, nikaisomea pale pale nimesimama. Nimelia, kisha nimecheka kwa habari ya majivu ya mke wa Omari, kisha nikalia tena. Pole sana. Baba nimempigia, amesema atashuka kutoka Newala kukuona. Mimi ni mzima, na nakula.

Ulifanya vizuri mno kutumia maji. Madaktari wengi wangependa kila mtu wa kusini ajue hilo tu.

Kwa kuwa umeweka sahihi, nikueleze ulichokiwekea. Maganda ya kamba tunayachukua kwa wauzaji wa samaki, mengine yanatoka huko huko kwetu, mdomo wa Ruvuma. Tunayaosha, tunayaondolea chokaa, tunayachemsha na dawa mpaka kibaki kitu cheupe kama unga. Kitu hicho husaidia damu kuganda na huwazuia wadudu wa kidonda. Tunakichanganya na wanga wa muhogo uliosafishwa na ute wa mshubiri, tunamimina kwenye sahani bapa, na kikikauka kinakuwa utando mwembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Kwa panya umefanya kazi nzuri. Kwa watu bado hatujui. Ndiyo maana ya kura: tuone kama kweli unaushinda ufungaji wa kawaida, au ni sisi tu tunaoupenda kwa sababu tumeutengeneza.

Nieleze kura imeangukia wapi.

Mwanao,
Salma

*

Wodini, Mtwara
2 Desemba 2023

Salma,

Salamu. Sijambo, na sina furaha.

Kura imeangukia shashi. Aminabai, ambaye hata kamba hali kwa sababu anasema wana sura mbaya, amepata utando. Mimi niliyekufundisha kumenya muhogo nimepata kitambaa na krimu nyeupe.

Nikueleze tofauti yake. Asubuhi Martha anaanza na Aminabai. Anamwagia maji ya chumvi, utando unalainika, unatoka, huku bibi mzima anaendelea kumsimulia habari za mwanawe Zahir aliyekataa kuoa. Akimaliza anakuja kwangu. Shashi imeshikana na nyama. Analowesha, anangoja, anavuta taratibu, na bado inatoka na ngozi mpya. Nauma kanga. Juzi nimeitoboa.

Mimi nataka kubadilishiwa. Nimemwambia Dokta Innocent, ananichekea tu. Wewe mwambie. Wewe ndiye mpishi, na mpishi hawezi kumnyima chakula mtu wa nyumbani kwake.

Nisikufiche la upande wa pili, usije ukavimba kichwa. Wodi ya wanaume kuna Selemani, mpakuaji wa bandarini, mvuke ulimuunguza mguu mpaka ndani kabisa. Naye alipata utando. Martha anasema chini yake umejaa usaha, wameutoa, amerudishiwa shashi. Kwa hiyo si malaika huo utando wenu. Lakini mimi sijaungua kama Selemani, nimeungua kama Aminabai. Nautaka.

Shangazi yako mwenye kanga iliyotoboka,
Somoe

*

Dar es Salaam
11 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma habari ya kanga nikashindwa kula, na safari hii sababu ni wewe.

Siombi ubadilishiwe. Naliandika mwanzo ili usisome barua nzima ukilitafuta.

Nikikubadilishia wewe kwa sababu ni shangazi yangu, na mwenzangu akambadilishia mjomba wake, mwisho wake tutakuwa tumewapa utando tunaowapenda na shashi tusiowajua, na hatutajua kitu chochote kuhusu kidonda cha mtu yeyote. Aliyeungua mwaka kesho kule Tandahimba atafungwa kwa kubahatisha. Hata kulitaja jina lako kazini siruhusiwi, na ni sawa nisiruhusiwe.

Unayo haki moja, na hiyo hakuna wa kukunyima: kujitoa. Mwambie Martha umejitoa, na ataendelea kukutibu vile vile. Pia mwambie ukweli kuhusu maumivu. Ipo dawa ya kumeza kabla ya kufungwa, uidai. Usiume kanga kama vile hospitali imeishiwa dawa.

Nikasirikie. Nitavumilia.

Mwanao,
Salma

*

Kitaya
20 Januari 2024

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Hali yangu ni njema, mvua imekuja, mihogo imesimama vizuri. Baba yako alikaa kwangu siku mbili, akala kuku wangu, akaondoka akisema nimekonda.

Nilikukasirikia mpaka Krismasi. Siku hiyo Martha alikuwa zamu wakati wenzake wako kanisani, akanifunga kwa utaratibu kuliko siku zote, nikamsomea barua yako. Akasema, "Huyo mtoto mgumu." Nikasema, "Ametoka kwetu." Basi hasira ikaishia hapo. Sikujitoa. Dawa ya kumeza niliidai, nikaipata.

Na mkono umepona, Salma! Umefunga wote. Ngozi ni ya waridi kama ya mtoto mchanga, bado inavuta nikikunja, lakini nalima, nafua, nasuka ukili. Martha amenifundisha kuunyoosha kila asubuhi na kuupaka mafuta. Wakaja watu wa mradi na mpiga picha, wakasema wanapiga picha za wagonjwa waliopona, za kumbukumbu. Wakanipa muhogo niushike. Nikawauliza, "Wa nini tena?" Wakasema picha ipendeze. Nikacheka, wakapiga nikiwa nacheka.

Aminabai naye kapona mapema kuliko mimi, ila kovu lake liko pajani na mpiga picha alifukuzwa kabla hajamaliza salamu.

Nimenunua simu, lakini barua zako nimezizoea. Endelea kuandika.

Shangazi yako,
Somoe

*

Kitaya
6 Mei 2024

Salma,

Nakusalimu. Najua uko hai kwa sababu nakuona mtandaoni. Simu ninayo mkononi, lakini nayataka haya yawe kwenye karatasi, na yawe na tarehe.

Mwezi uliopita niliuona uso wangu umebandikwa ukutani kwenye zahanati yetu. Bango refu kunizidi. Mimi nacheka, mkono wa kushoto mbele, muhogo kwenye mkono wa kulia. Juu wameandika: MUHOGO WETU, NGOZI YETU. Chini: Bi. Somoe wa Kitaya aliungua vibaya, leo amepona kwa utando wa asili. Soko la Mtwara yapo mabango mengine, na Aminabai anasema Mikindani lipo moja linatazamana na duka lake, kila akifungua mlango namchekea.

Kwanza nilicheka. Nikasema wamekosea, watu wa mjini hawashiki majina. Nikamwambia mganga wa zahanati mimi nilifungwa shashi. Akasema bango limetoka juu.

Wiki iliyopita Shamsa, binti mdogo wa Omari, alijimwagia uji wa moto mguuni. Mama yake hakuja na majivu safari hii. Alikuna muhogo mbichi, akamkandika nao mguu mzima, akaufunga na mfuko wa plastiki. Akakaa nao hivyo mpaka mguu ukavimba kama mtungi na mtoto akaanza kuweweseka kwa homa. Mimi nilikuwa shamba la ng'ambo ya bonde, nimerudi nimekuta kilio. Nikauliza, "Nani kakwambia umpake muhogo?"

Akaniangalia, Salma. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema, "Si wewe, Somoe? Si ndivyo ulivyopona?"

Tulimkimbiza Mtwara. Yuko hai. Vidole viwili vya mguu vimekatwa, na wanasema watachuna ngozi ya paja wapachike juu ya unyayo. Ana miaka minne.

Nani aliandika maneno yale? Nijibu hilo tu.

Somoe

*

Dar es Salaam
15 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianze vipi. Nimemwombea Shamsa na nitaendelea kumwombea. Muhogo mbichi una sumu yake, achilia mbali udongo na uchafu. Wanga tunaoutumia sisi umesafishwa mara nyingi na kuuliwa wadudu. Mama yake angejuaje? Bango halikusema.

Bango nililiona limeshachapwa. Nilikwenda kwa Dokta Innocent siku hiyo hiyo. Nilimwambia, "Huyu alikuwa kundi la shashi." Akafunga mlango. Akasema mtu wa matangazo alichagua picha iliyopendeza, yeye hakuangalia, na sasa mabango yameshasambaa. Akaniambia tarehe kumi na tano Juni wageni wanakuja Mtwara, wale wanaofadhili kiwanda kidogo cha utando. Baada ya wageni atayaondoa yote kimya kimya.

Shangazi, yeye si mtu mbaya. Namwona. Ana miaka mingi kwenye kazi hii, amekopa mpaka nyumba ikawa rehani, amewazika wagonjwa wa moto waliokosa hata bandeji. Na utando unafaa. Kwa majeraha yasiyo ya ndani sana, uliyoyaona kwa Aminabai ndiyo tunayoyaona kwa wengi. Wageni wakikimbia, utando unakufa, mimi na wenzangu tunafungiwa mlango, na kusini wanabaki na dawa ya meno.

Nakuomba usubiri mpaka wageni wapite. Atakualika. Unaweza kusema unaumwa, usiende.

Mwanao,
Salma

*

Kitaya
22 Mei 2024

Salma,

Siumwi.

Baada ya wageni, baada ya wageni. Mguu wa Shamsa uliwasubiri wageni? Kuna mtoto mwingine sasa hivi, Nanyamba au Mahurunga, anayecheza karibu na sufuria, na mama yake ameshaliona bango. Naye nimwambie asubiri tarehe kumi na sita?

Wewe uliniandikia nikiwa nauma kanga, ukasema hunibadilishii kwa sababu ukweli ungeharibika. Niliimeza. Nililala na ule uchungu kwa sababu ulinishawishi kwamba mtu wa Tandahimba nisiyemjua ana haki na kidonda changu. Maumivu yangu niliyatoa yawe ushahidi. Ule mkono wangu uliandikwa shashi, na uliponea kwenye shashi, na Martha alikuwa anakaa nao kila asubuhi akiulowesha kama anayebembeleza. Leo mmechukua ushahidi wangu mkaugeuza. Hamkuniibia picha tu. Mmeniibia na yale maumivu.

Ufungiwe mlango? Ufungiwe. Mikono yako yote miwili mizima, utafanya kazi nyingine.

Mwaliko umefika. Wameniletea na kitenge chenye nembo ya mradi nikivae. Nitakwenda. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuvizia.

Somoe

*

Mikindani, dukani kwa Aminabai
23 Juni 2024

Salma,

Assalaam alaykum. Mwezi mzima umepita na hukunijibu. Simu hupokei. Sawa. Mimi nilikwambia kabla ya kwenda, na sasa nakwambia baada.

Ukumbi ulijaa. Wageni mbele, Wazungu wawili na watu wa wizara, kisha madaktari, kisha sisi. Kitenge chao sikukivaa, nilivaa gauni langu la Idi. Dokta Innocent alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akanikalisha safu ya mbele. Alikuwa anatoka jasho. Nilimwonea huruma, nakwambia ukweli, lakini huruma haikutosha kunifunga mdomo.

Nikaitwa. Mshereheshaji akasema, "Bi Somoe, tuonyeshe mkono wako!" Nikapandisha mkono wa gauni. Watu wakapiga makofi. Nikangoja makofi yaishe.

Nikasema, "Mkono huu ulifungwa kwa shashi."

Mshereheshaji akacheka, akadhani natania. "Anamaanisha utando," akasema.

"Namaanisha shashi. Ile ya kila siku, inayonata. Na krimu nyeupe, na Sista Martha yule pale nyuma, simama Martha. Utando sijawahi kufungwa hata siku moja. Bango ni la uongo. Na kwa sababu ya bango hilo mtoto wa jirani yangu kapakwa muhogo mbichi, na vidole vyake viwili havipo."

Kijana mmoja wa mradi akaja kunishika kiwiko, anitoe taratibu. Nikamwambia, "Huo ndio mkono wenyewe, ushike vizuri wakuone." Akauachia.

Mgeni mmoja akauliza kwa mkalimani, kwa hiyo utando haufanyi kazi? Nikasema mimi sijui, sikufungwa. Muulizeni aliyefungwa.

Hapo ndipo nilipomsikia Aminabai. Sikujua hata kama amekuja. Alisimama safu ya nyuma na mkoba wake kifuani, sauti kama anamfokea mteja. "Aliyefungwa ni mimi! Umenifaa. Haukuniuma, nimepona upesi. Lakini kidonda changu kiko pajani, na paja langu simwonyeshi waziri, simwonyeshi Mzungu, simwonyeshi mtu. Mtaniamini kwa mdomo. Na kama mngeniuliza mimi badala ya kubandika uso wa huyu, msingehitaji uongo wowote."

Kisha akauliza, "Na Selemani wa bandarini mmemwalika?"

Dokta Innocent alishika maiki. Nilidhani atakanusha. Akasema, "Wanayosema ni kweli," akakaa chini. Wageni wakatoka kabla ya chakula. Chakula tulikila sisi.

Jioni hiyo mimi na Aminabai tulianza na bango la mbele ya duka lake. Lilikuwa limegundishwa hasa, tukalikwangua kwa kisu cha kukatia sabuni. Watu wakakusanyika wakiuliza, na kila aliyeuliza tulimwambia: maji safi ya baridi, mengi, kisha hospitali. Basi. Zahir alituletea ngazi, bila kuuliza, tukamaliza la juu.

Nimemaliza. Kama nimekuvunjia kazi, niambie kwa mdomo wako. Usininyamazie.

Shangazi yako,
Somoe

*

Dar es Salaam
1 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua yako ya mwisho wa Mei niliisoma mara moja, sikuweza kuirudia. Asubuhi yake niliandika kwa kamati ya maadili ya utafiti. Niliwaeleza bango, wewe, kundi lako. Nikawaeleza na Selemani, kwamba kwenye taarifa ya mwisho ameandikwa "alijitoa", wakati hakujitoa; utando ulimshinda. Niliweka jina langu kamili. Walipopokea waliniamuru nisiwasiliane na mgonjwa yeyote wa mradi mpaka wamalize kuhoji. Wewe ni mgonjwa wa mradi. Niliiona simu yako ikiita nikaigeuza uso chini.

Kwa hiyo hukunivunjia kazi. Nilishaivunja mwenyewe, wiki tatu kabla hujapanda jukwaani, na sikuwa na namna ya kukuambia kwamba hukuwa peke yako.

Sasa wamemaliza kuhoji, na wamesimamisha majaribio. Wafadhili wamejitoa. Mikataba yetu haikuongezwa, wote wa maabara. Wenzangu wawili hawanisalimii. Mmoja, Isaya, aliniambia, "Ulikuwa na haki, lakini mimi nina watoto watatu." Dokta Innocent alinipigia kuniaga. Alisema angetamani ningembishia zaidi siku ile alipofunga mlango. Nikamwambia nilipaswa kuufungua.

Sasa nauza dawa kwenye duka la mtu Temeke. Nakula. Kila anayekuja kutafuta dawa ya moto namuuliza maswali mpaka mwenye duka ananikasirikia.

Wala sijutii. Ila utando nauwaza, Shangazi. Nauona ukikauka kwenye sahani. Ulikuwa kitu kizuri. Hakikuhitaji kusemewa uongo.

Nisalimie Shamsa.

Mwanao,
Salma

*

Kitaya
18 Septemba 2024

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Shamsa amerudi, anatembea kwa kuinamia upande, na jana alinipita mbio akimfukuza kuku. Mama yake na mimi tunasalimiana. Bado ni vigumu, lakini tunasalimiana.

Barua yako imekaa chini ya mto wangu muda wote huu. Nilijisifu kwamba wewe ni mtoto mgumu wa kwetu halafu nikakuandikia kama mgeni. Hilo nalijua, tusilirudie.

Sasa habari. Juzi kaja mtu wa ile kamati, na gari, mpaka uani kwangu. Wanasema utando hautatupwa. Hospitali yenyewe inataka kuanza majaribio upya, kwa vidonda visivyo vya ndani, na Selemani ahesabiwe kama alivyokuwa. Martha ndiye atakayesimamia ufungaji. Maabara wanatafuta watu wapya, na nimewaambia wapo watu wa zamani wanaouza panadol Temeke. Usinikasirikie, nimewapa na namba yako. Nimewapa na jina la Isaya.

Wanataka pia mtu mmoja aliyewahi kuwa mgonjwa akae ndani ya kamati, asome kila tangazo kabla halijachapwa, na awaeleze wagonjwa wapya kwa Kiswahili cha mtu, na Kimakonde kwa wanaokitaka, kura ni nini kabla hawajaweka sahihi. Nikauliza, nina ruhusa ya kusema hapana? Akasema, ndiyo, ukisema hapana tangazo halitoki. Nikamwambia aliandike hilo mbele yangu. Akaliandika, na muhuri akapiga.

Mkutano wa kwanza ni kesho, Mtwara. Aminabai amekwenda kuchungulia ukumbi, akanipigia. Anasema meza ni ndefu, wamepanga viti vya madaktari kuizunguka, na cha kwangu wamekiweka pembeni, ukutani, karibu na birika la chai.

Nitafika mapema, nikisogeze.

Shangazi yako,
Somoe